Je, niitoe V8 ya Soarer yangu niweke injini ya Aristo?

"Nina Toyota Soarer ya mwaka 1993, V8 ya lita 4, gia otomatiki, niliyoachiwa na marehemu kaka yangu. Nalipenda gari hili na sina nia ya kuliuza. Siku hizi limepungua nguvu: nikipanda Kitonga kwenda Iringa linavuta kwa shida, na mafuta linakunywa kuliko zamani. Fundi wangu anasema V8 imechoka, tuitoe tuweke 2JZ ya Aristo yenye turbo mbili, ambayo inaingia bila kukata kitu, na kwamba tukiongeza presha ya turbo kidogo nitapata nguvu-farasi 500. Bei aliyonitajia inakaribia kumaliza akiba yangu yote. Je, anachosema ni kweli? Gia boksi na breki za zamani zitahimili? Na kadi ya gari inakuwaje?"

Ndugu msomaji, pole kwa kuondokewa na kaka yako. Nimekuelewa kwamba gari hili kwako si chombo cha usafiri tu, na kwa sababu hiyo nitakujibu kwa urefu, maana kosa likifanyika hapa si rahisi kulirudisha nyuma.

Katika barua yako kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, nami naomba tuyatenganishe. La kwanza ni kwa nini gari limepoteza nguvu lililokuwa nayo. La pili ni namna ya kulipa nguvu ambayo halijawahi kuwa nayo. Fundi wako amejibu la pili kabla ya kulichunguza la kwanza, na hapo ndipo wenye magari wengi wanapopotezea fedha zao.

Tuanze na takwimu za kiwandani, kwa sababu zitakushangaza. V8 iliyomo kwenye Soarer yako ni 1UZ-FE yenye ujazo wa sentimita za ujazo 3,969, na nchini Japani ilitangazwa kuwa na nguvu-farasi 260. 2JZ-GTE ya Aristo, yenye silinda 6 na ujazo wa 2,997, ilitangazwa kuwa na 280. Tofauti kwenye karatasi ni nguvu-farasi 20 tu. Ni kweli kwamba namba 280 haikuwa kipimo kamili, kwani watengenezaji wa magari wa Japani walikuwa wamekubaliana tangu mwaka 1989 kutotangaza zaidi ya hapo, na makubaliano hayo yalidumu hadi mwaka 2004. Injini hiyohiyo kwenye Supra zilizouzwa Marekani, ikiwa na turbo na nozeli (vipuliza petroli) tofauti, ilitangazwa kuwa na 320. Pia nguvu yake ya msokoto, ambayo ndiyo hasa unayoihisi mlimani, ni kubwa zaidi: takriban nyutoni-mita 432 dhidi ya 353 za V8 yako. Kwa hiyo 2JZ ikiwa nzima itapanda Kitonga vizuri zaidi kuliko V8 ikiwa nzima. Lakini V8 nzima haipandi Kitonga kwa shida hata kidogo. Kama yako inapanda kwa shida, kuna kitu kimeharibika, na kitu hicho huenda kinagharimu sehemu ndogo sana ya akiba yako.

Neno "imechoka" halinitoshelezi mpaka nione vipimo. 1UZ-FE ni miongoni mwa injini zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa kabisa na Toyota, kwani ndiyo iliyozindua Lexus mwaka 1989, na kinachokufa kwanza kwa kawaida ni vitu vinavyoizunguka kuliko injini yenyewe. Mwambie fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote 8, injini ikiwa ya moto na betri ikiwa imejaa. Kiwango cha kiwandani ni takriban psi 178, kiwango cha chini kinachokubalika ni 142, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi 14. Kama namba zako ziko juu ya hapo na zinakaribiana, pistoni, ringi na valvu bado zinafanya kazi yake, na yeyote anayekuambia injini imekufa anakisia.

Baada ya hapo kuna mambo ambayo mimi hukagua kwenye kila Soarer ya V8 inayoletwa ikilalamikiwa kukosa nguvu. La kwanza ni masega ya ekzosi, yaani kichujio cha moshi (katalitiki). Yakiziba au yakivunjikia ndani, moshi haupati njia ya kutoka, hewa mpya haiingii, na gari hupumua kama mtu aliyezibwa pua. Ukiwa tambarare unaweza usijue, lakini mlimani siri inafichuka. La pili ni mfumo wa cheche. Injini hii ina koili mbili na distributa mbili, kila moja ikihudumia silinda nne, na upande mmoja ukianza kusuasua gari huendelea kutembea bila kuzima huku likinywa mafuta ya silinda nane na kutoa kazi ya chini ya hapo. Maelezo yako ya kupungua nguvu pamoja na kuongezeka kwa unywaji wa mafuta yananielekeza zaidi huku. La tatu ni kompyuta ya injini, kontrol boksi, ambayo ndani yake ina kapasita za zama zile. Zikizeeka huvuja maji yenye kemikali inayokula njia za umeme, na gari huanza tabia ambazo hazieleweki. Fundi wa elektroniki mwenye mkono mtulivu huzibadilisha kapasita hizo kwa muda mfupi. La nne ni pampu ya mafuta pamoja na filta yake, ambavyo kwenye magari mengi ya umri huu havijaguswa tangu yatoke kiwandani.

Niongeze hapa jambo lisilohusu nguvu lakini linalohusu mfuko wako. Pampu ya stelingi ya injini hii ina desturi ya kuvuja, na oili yake hudondokea kwenye alteneta iliyo chini yake na kuiua. Stata nayo imefichwa katikati ya V, chini ya manifoldi ya hewa, kiasi kwamba kuifikia kunahitaji kufungua sehemu kubwa ya juu ya injini. Nimeona zaidi ya mara moja V8 nzima ikitupwa kwa sababu tu stata na alteneta zilikufa katika mwaka mmoja na mwenye gari akakata tamaa. Ukijua mapema, huwezi kukata tamaa.

Sasa tuseme umepima yote, injini ni nzima au imekufa kweli, na moyo wako bado unataka 2JZ. Hilo halina ubaya, nami sitakukataza. Tuchunguze madai ya fundi moja baada ya jingine.

Kwamba inaingia bila kukata kitu kuna ukweli ndani yake, na unatokana na historia ya gari lenyewe. Soarer ya kizazi hiki, iliyotengenezwa tangu mwaka 1991 hadi 2000, ilitolewa kiwandani na injini za familia ya JZ pia: 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye turbo mbili, na baadaye 2JZ-GE ya lita 3 isiyo na turbo. Tena Supra ya mwaka 1993 iliyoipa 2JZ-GTE umaarufu imejengwa juu ya msingi uleule wa Soarer, uliofupishwa. Nafasi ya injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja ipo, basi. Ila gari lako lilizaliwa na V8, na sehemu zinazoishika V8 ni tofauti: mauntingi ni nyingine, gia boksi yako haifungiki nyuma ya injini ya JZ kwa sababu matundu ya boliti hayalingani, propela huenda ikahitaji kubadilishwa urefu na kusawazishwa upya, na sampu ya oili ya Aristo lazima ilinganishwe na chuma cha chini cha Soarer kabla injini haijashushwa ndani. Kama vipuri vya Soarer ya JZ vinapatikana, kazi ni ya kufunga na kufungua. Visipopatikana, ni kazi ya kuchomelea, na uchomeleaji wa mauntingi si mahali pa kujifunzia.

Hapa naomba uangalie bamba la chesisi. Ukikuta UZZ30, una springi za kawaida. Ukikuta UZZ31, gari linabebwa na mifuko ya hewa, na UZZ32 ina mfumo wa haidroliki unaoendeshwa na kompyuta pamoja na magurudumu ya nyuma yanayokata kona. Kama ni hiyo ya mwisho, ushauri wangu ni mmoja tu: usiibadilishe injini kabisa. Zilitengenezwa chache sana, na kulibomoa gari la namna hiyo ni hasara isiyofidika.

Sehemu inayoshinda mafundi wengi si chuma bali ni waya. Kwenye Soarer kompyuta ya injini huzungumza na gia boksi, na mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza, na kiyoyozi, na dashibodi. Ukiingiza injini ya Aristo unapaswa kununua pia kompyuta yake, waya zake zote zikiwa hazijakatwa na gia boksi yake, vyote kutoka gari moja, kisha mtu mwenye ramani za umeme za magari yote mawili akae aunganishe waya mmoja baada ya mwingine. Nitakupa mfano mdogo. Mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi yako huhesabu cheche nne kwa kila mzunguko, kwa kuwa ni V8. Injini ya silinda 6 hutoa cheche tatu. Usiporekebisha, injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika dashibodi itakuonyesha 4,500, nawe utaendelea kukanyaga ukidhani bado kuna nafasi. Kosa dogo kama hilo limeua injini ambazo hazikuwa na hatia yoyote.

Tukija kwenye nguvu-farasi 500, hapa ndipo ninapotofautiana na fundi wako waziwazi. Turbo haitengenezi nguvu, inasukuma hewa. Kila kilo moja ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa, kwa hiyo ukiingiza hewa zaidi sharti uingize na mafuta zaidi kwa uwiano huo. Ukipandisha presha ya turbo peke yake, nozeli na pampu za kiwandani zitafika mwisho wa uwezo wake, mchanganyiko utakuwa na hewa nyingi kuliko mafuta, joto ndani ya silinda litapanda, na petroli itaanza kulipuka yenyewe kabla ya wakati wake. Mlio ule wa kugonga ambao madereva huusikia kama kokoto kwenye kopo ni pistoni inayopigwa nyundo. Bloku ya 2JZ ni ya chuma cha kalibu, ngumu kwelikweli, na sifa zake za kuhimili nguvu kubwa ni za haki; lakini ugumu wa bloku hauiokoi pistoni iliyotoboka. Zaidi ya hayo, turbo za Aristo na Supra za soko la Japani zina magurudumu ya kauri upande wa moshi, mepesi na ya haraka, ambayo presha ikizidi huvunjika. Ili kufikia 500 kwa usalama utahitaji turbo nyingine, nozeli kubwa, pampu kubwa, kipoza hewa kikubwa na kompyuta inayopangwa upya na mtu anayepima mchanganyiko kwa chombo, si kwa kunusa moshi. Hiyo si "kuongeza kidogo". Ni mradi wa pili juu ya mradi wa kwanza.

Kuna na suala la petroli yenyewe. Injini hizi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vyao oktani yake haipaswi kupungua 96. Oktani ni kipimo cha uvumilivu wa petroli dhidi ya kulipuka mapema inapobanwa, na injini yenye turbo huibana kuliko nyingine. Uliza kituo unachojaza wanauza oktani gani, na upangaji wa kompyuta ufanywe kwa petroli hiyohiyo utakayotumia kila siku.

Gia boksi yako ya sasa, kama nilivyosema, haitakuwa na nafasi katika injini mpya, kwa hiyo swali lako linahamia kwenye gia boksi ya Aristo. Kwa nguvu za kiwandani itahimili ikiwa nzima na oili yake safi. Kwa 500 itahitaji kufunguliwa na kuimarishwa. Difu na ekseli vitafuata njia hiyohiyo, kwa sababu msokoto ukishaongezeka hutafuta kiungo dhaifu kuliko vyote, na hutakichagua wewe.

Kuhusu breki nitakuwa mkali kidogo, uniwie radhi. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na nishati ya mwendo haiongezeki sambamba na kasi bali kwa mraba wake: gari linalokwenda kilomita 140 kwa saa lina nishati karibu mara mbili ya gari hilohilo likienda 100. Soarer ina uzito unaozidi tani moja na nusu. Wewe mwenyewe umetaja Kitonga. Kupanda ni jambo moja, lakini mtu aliyepanda atashuka, na kule unashuka ukiwa nyuma ya malori, kona baada ya kona, ukikanyaga na kuachia. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi yameshanyonya unyevunyevu. Yakichemka hutengeneza mapovu, na pedali inazama mpaka chini bila kushika kitu. Kwa hiyo kabla ya kuongeza hata nguvu-farasi moja, badilisha mafuta ya breki yote, mabomba ya mpira ya breki ya zamani, diski zilizoisha na pedi. Angalia na matairi: tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT ni wiki na mwaka yalipotengenezwa. Tairi lenye kashata nzuri lakini la miaka kumi ni tairi bovu.

Joto lina upande wake mwingine. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja tu ya nishati ya petroli huwa kazi, theluthi nyingine hutoka na moshi, na theluthi iliyobaki huachiwa rejeta. Ukiongeza nguvu unaongeza vyote vitatu, na foleni ya Dar es Salaam mchana wa Februari haina upepo wa kukusaidia. Rejeta ya zamani iliyoziba nusu haitoshi, na mabomba ya mpira yanayopita karibu na turbo yatapikwa. Mara moja ililetwa kwangu gari lililofungwa turbo katika gereji nyingine, bomba la petroli likiwa ni mpira wa kawaida uliobanwa kwa klipu, kiganja kimoja kutoka kwenye chuma kinachowaka rangi nyekundu. Mwenyewe alikuwa akisafiri nalo na watoto wake. Tangu siku ile sikubali kuwasha injini iliyobadilishwa kabla sijafuata bomba la petroli kwa mkono wangu kuanzia tangi hadi nozeli, na wewe usikubali kupokea gari kabla mtu hajakufanyia hivyo.

Basi ungefanya nini? Ningekuwa mimi, ningeanza na vipimo vya V8 na kurekebisha kinachoonekana, kwa kuwa hata kama baadaye utaibadilisha, breki, rejeta na matairi uliyonunua yatabaki na gari. Nina hakika kiasi kikubwa kwamba baada ya hapo utalikuta gari alilokuwa akiendesha kaka yako, na huenda ukatosheka. Ikiwa V8 imekufa kweli, njia nyepesi ni kuweka 1UZ-FE nyingine nzima ya miaka ileile, kwani kila boliti na kila waya unarudi ulipotoka. Ukitaka turbo, weka 2JZ kwa nguvu zake za kiwandani na uiache hapo. Injini hiyo usiinunue kabla haijapimwa: kompresheni ya kiwandani ni takriban psi 156, isishuke chini ya 128, na tofauti isizidi 14. Turbo zake hufanya kazi kwa zamu, moja ikianza na ya pili ikijiunga kwenye mizunguko kama 4,000, na zamu hiyo huongozwa na vipira vingi vyembamba ambavyo kwa umri huu vimekauka. Vyote vibadilishwe injini ikiwa bado iko nje. Na bei ya injini isizidi nusu ya akiba yako. Ikizidi, hutakuwa na fedha za breki, na gari lenye injini mpya bila breki sitakushauri ulitoe getini.

Kuhusu kadi: namba ya injini na ujazo wake vimeandikwa kwenye kadi ya usajili, kwa hiyo ukibadilisha injini kadi inakuwa haisemi kweli. Nenda ofisi ya TRA kabla ya kununua, uulize wanahitaji nini, na umtake muuzaji akupe risiti pamoja na nyaraka za forodha za injini hiyo zenye namba yake. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi, na wewe ndiye utakayekutwa nayo. Iarifu pia kampuni yako ya bima kwa maandishi, kwa kuwa badiliko lisilotajwa linaweza kuwa sababu ya kukataa kukulipa siku ya ajali.

Kuna dalili ambazo hazingoji barua wala ushauri wa mbali. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, pedali ya breki ikilainika, au mshale wa joto ukipanda ukiwa mlimani, simamisha gari mahali salama, zima, na umwite fundi aje ulipo. Na siku utakapokwenda kwa fundi wako kuzungumzia kazi hii, mwombe akuonyeshe gari jingine alilolibadilisha injini na ambalo limetembea angalau mwaka mmoja tangu hapo, uzungumze na mwenye gari hilo, kisha umwombe kwa upole akuonyeshe ramani ya umeme atakayotumia. Akiwa nayo, una fundi. Asipokuwa nayo, tafuta fundi wa umeme wa magari akae naye tangu siku ya kwanza, kabla V8 haijafunguliwa hata boliti moja.